Nani Anayesukuma Maji? Kuisoma Mikondo ya Bwawa la Umeme

Mvuvi wa Lamu au Kilwa akitazama mwezi hujua kama kesho ni bamvua au maji mafu, na hujua saa ya maji kupwa. Mvuvi wa Masinga, Mtera au Kindaruma hana kalenda ya namna hiyo. Maji yake nayo hupanda na kushuka, hukimbia na kutulia, lakini yanasukumwa na wakubwa watatu wasioshauriana: mto unaoingia, upepo unaopita juu, na mitambo inayovuta maji kule ukutani. Leo mmoja anatawala, kesho mwingine. Wengi wanaorudi mikono mitupu hawakukosea chambo wala matundu ya wavu. Walitega pale samaki walipokuwa jana, na usiku ule aliyekuwa akisukuma maji akabadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza samaki wako wapi, inafaa kuuliza nani anayesukuma maji saa hii.

Jibu huanzia kwenye ukubwa wa bwawa ukilinganishwa na kiu ya mitambo. Mabwawa matano ya Mto Tana nchini Kenya yanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo la juu kabisa, na lilijengwa kubeba mita za ujazo milioni 1,560. Kituo chake cha umeme ni kidogo, megawati 40, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuweka akiba ya maji kwa ajili ya wenzake walio chini. Ukishuka unapita Kamburu, kisha Gitaru. Gitaru lilijengwa kubeba mita za ujazo milioni 20 tu, lakini mitambo yake ni ya megawati 225. Kindaruma, linalofuata, ni dogo zaidi: milioni 16. Mwisho ni Kiambere.

Tuseme mita za ujazo 100 za maji zinatoka kila sekunde katika Masinga na katika Gitaru. Maji yote ya Gitaru yangekuwa yamebadilishwa kwa siku mbili na kitu. Masinga lingehitaji miezi sita. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini inatosha kumwambia mvuvi aanze kumtazama bwana yupi. Katika Gitaru na Kindaruma mitambo ndiyo bwana, na mkondo wake unaweza kuhisiwa karibu kila mahali penye wembamba. Katika Masinga nguvu ya mitambo husikika karibu na ukuta na kwenye vilindi vya mto wa zamani. Kwingineko kote upepo ndio wenye usemi. Mtera, upande wa Tanzania, liko kundi moja na Masinga. Kituo chake ni cha megawati 80, nalo hutunza maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo kwa ajili ya Kidatu, chenye megawati 204, kule chini. Likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, tena kwa kina kifupi sehemu nyingi. Mvuvi wa Migoli anayengoja mitambo imletee mkondo hadi kwenye hori lake atangoja sana.

Kwenye mabwawa madogo, saa ya mkononi ina thamani kuliko mtumbwi wa pili. Nchini Kenya matumizi ya umeme hupanda kileleni jioni, kuanzia kama saa moja hadi saa nne usiku, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni na majiko. Mvuke wa ardhini wa Olkaria huzalisha usiku na mchana bila kupumzika, hivyo maji ndiyo hutumika zaidi kuziba pengo la jioni, maana mtambo wa maji hufunguliwa kwa dakika chache. Matokeo yake, bwawa lililolala mchana kutwa huweza kuamka jua linapozama. Jumapili na sikukuu, viwanda vikifungwa, huenda lisiamke kwa nguvu ile ile. Na kwa kuwa Kindaruma hupokea kilichoachiwa na Gitaru, mvuvi wa Kindaruma ana mikondo miwili ya kuangalia: unaosukuma kutoka kichwani mwa bwawa na unaovuta kutoka ukutani. Mmoja ukianza kabla ya mwingine, maji hupanda au hushuka ghafla.

Hakuna atakayempa mvuvi ratiba ya mitambo, wala si jambo la kukariri. Gridi hubadilika. Nchini Tanzania mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ilianza kuingia kwenye gridi ya Taifa mwaka 2024, na kituo kipya chenye uwezo wa megawati 2,115 hakiwezi kuingia bila mpangilio wa vituo vya zamani kuguswa. Njia ya uhakika ni kusoma dalili. Chomeka kijiti ukingoni, pale pale maji yanapoishia, kisha kitazame kila baada ya nusu saa. Tazama mwamba ulio wima: ukiona ukanda wenye unyevu juu ya maji na jua linawaka, maji yameshuka muda si mrefu. Mtumbwi uliotia nanga hugeuza pua yake kuelekea mkondo unakotoka. Ukiona pua imehama na upepo haujabadilika, kuna mlango umefunguliwa mahali.

Dalili hizi za juu zina udhaifu mmoja ambao wavuvi wazuri huujua na wageni huusahau. Mitambo haivuti maji ya juu. Mdomo unaoingiza maji kwenye mitambo umewekwa chini ya uso wa bwawa, na maji ya kimo kile ndiyo yanayoondoka kwanza. Uso unaweza kuwa shwari kabisa, au hata unakwenda upande mwingine kwa upepo, huku tabaka la chini linatembea kuelekea ukutani. Kipimo chake hakigharimu kitu. Chukua chupa mbili za plastiki za ukubwa mmoja, uzijaze maji karibu zote zizame hadi shingoni ili upepo usizishike. Ya kwanza iache hivyo hivyo. Ya pili ifunge kamba ya mita nne au tano, na mwisho wa kamba ning'iniza kipande cha gunia kilichotanuliwa kwa vijiti viwili, na jiwe dogo la kukizamisha bila kuizamisha chupa. Ziachie pamoja. Ya kwanza itafuata maji ya juu, ya pili itaburutwa na maji ya chini. Dakika kumi zinatosha kuona kama zinakwenda njia moja au zinaachana. Zikiachana, wavu mrefu unaoshuka hadi chini utavutwa huku na kule, utajikunja, na asubuhi mwenye wavu atamlaumu mamba au mwizi.

Sasa upepo, ambao kwa mabwawa makubwa ndio sura yenyewe ya habari. Wataalamu wa maziwa wana kanuni rahisi: maji ya juu hukokotwa kwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vijitawi bila kukoma, husogeza maji ya juu kwa sentimita 10 hadi 15 kila sekunde. Kwa saa moja ni kati ya mita 360 na 540. Upepo wa mchana mmoja, tangu saa sita hadi machweo, huweza kuhamisha maji ya juu, pamoja na mwani, wadudu na kila kinachoelea, kutoka ufukwe mmoja kwenda mwingine kwenye bwawa lenye upana wa kilomita mbili au tatu.

Maji hayo hayawezi kurundikana. Yakifika ufukwe unaopigwa na upepo hushuka, kisha hurudi kwa chini yalikotoka. Kwa hiyo kila bwawa lenye upepo lina mikondo miwili, wa juu na wa chini, inayokwenda kinyume. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi anayetupa chambo chenye chubwi zito huona uzi wake ukiinama upande usioutarajia.

Je, avue ufukwe upi? Siku ya kwanza ya upepo, ufukwe unaopigwa huwa na neema: chakula kinaletwa hapo bure, na perege wanaokula mwani na mabaki hufuata. Lakini upepo ukikaza, maji ya ufukwe huo hugeuka tope, nyavu hujaa magugu, na mtumbwi hupigwa na mawimbi. Wengi hukimbilia upande wa pili, upepo unakotoka, kwa sababu pana utulivu. Utulivu huo una bei. Upepo mkali ukiendelea siku mbili au tatu, maji ya juu ya upande huo huwa yameondoka, na nafasi yake hushikwa na maji baridi kutoka chini, ambayo mara nyingi yana hewa kidogo ya kupumulia samaki. Samaki wa hapo huhama. Wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini-mashariki hushika siku nyingi mfululizo bara kama ilivyo pwani, na mvuvi anayeng'ang'ania kivuli cha upepo huvua maji matupu huku akijisifu kwa kuchagua mahali pa raha.

Jambo moja zaidi la upepo, kwa wenye macho. Ukivuma kwa muda, uso wa maji huchorwa mistari mirefu ya povu iliyonyooka kufuata upepo. Hapo ndipo maji ya pande mbili hukutana na kuzama, na vitu vinavyoelea hubaki juu vimejipanga. Samaki wadogo huja kula, na wakubwa huja kwa ajili ya wadogo. Chambo kinachoelea, kikiachiwa kifuate mstari huo taratibu, hupita sehemu zilizo hai. Kikitupwa kati ya mistari miwili, kinapita kwenye uwanja mtupu.

Mto unaoingia ni bwana wa tatu, na hutawala zaidi majira ya mvua. Masinga hupokea Tana yenyewe na Mto Thika. Kamburu huongezewa na Thiba, mto unaopita kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Maji ya mafuriko huja na udongo wa milimani na mara nyingi ni ya baridi kuliko yale ya bwawa, kwa hiyo ni mazito. Hayasambai juu. Hufika mahali yakazama, kisha hutambaa chini kwa kufuata mfereji wa mto wa zamani. Mahali pa kuzamia panaonekana kwa macho: maji mekundu yanakatika ghafla, mbele yake ni maji maangavu, na kwenye mpaka kuna msururu wa vijiti, majani na povu. Mpaka huo ni mahali pazuri mno pa kuvua. Samaki walio upande wa maji safi husimama wakingoja minyoo na wadudu waliosombwa. Hata hivyo mpaka hautulii: mvua ikiongezeka unasogea kuelekea ukutani, ikipungua unarudi mtoni, na anayetega wavu jioni juu ya mpaka asishangae kuukuta asubuhi katikati ya tope.

Kambale ana habari yake. Maji mapya ya mvua ndiyo humwita kupanda vijito na kuingia kwenye nyasi zilizofurika ili kutaga mayai. Siku hizo anashikika hata kwa mikono, na ndizo siku ambazo mvuvi mwenye kuona mbali humwacha apite, hasa jike lenye tumbo zito. Kuziba kijito kwa wavu wakati huo ni kuvua msimu ujao wote kwa usiku mmoja.

Mabwawa haya pia hupanda na kushuka kwa kiasi ambacho maziwa mengi ya asili hayafahamu. Masinga likijaa uso wake huwa mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo inaweza kuendelea hadi uso ushuke karibu mita 20. Mwaka 2009 maji yalipungua kiasi kwamba kituo kilisimamishwa. Mtera husimama mita 698.5 likijaa, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690. Mita nane na nusu zinasikika kuwa kidogo, lakini ufukwe wa Mtera ni wa mteremko mdogo sana, hivyo maji yakishuka kimo cha mtu ukingo huweza kukimbia mbali, na kijiji kilicholala kando ya maji huamkia kando ya tope.

Kwa mvuvi, mwelekeo una maana kuliko kiwango chenyewe. Maji yanapopanda juu ya nyasi na vichaka, perege huyafuata hadi kwenye kina cha magoti, kwani kuna chakula kipya na maficho. Yanapoanza kushuka, hata kwa kiganja kimoja, samaki hao hujiondoa, na hutoka kwa njia moja: mfereji ulio mdomoni mwa hori. Aliyesafiri kwenye bwawa lake wakati wa ukame, akaona kwa macho yake mifereji, visiki, kuta za mashamba ya zamani na vitanda vya vijito, ana ramani ambayo hakuna kifaa cha dukani kitakachomshinda. Inafaa kuzipiga picha sehemu hizo kwa simu, na mti mkubwa au kilima cha nchi kavu kionekane kwa nyuma ili mahali papatikane tena maji yakirudi.

Kuhusu zana, mengi hutokana na hayo yaliyotangulia. Wavu wa kutega ukiwekwa kukingama mkondo hufanya tumbo, maboya yake huzamishwa na matundu hujifunga kwa takataka. Uweke kwa mshazari, au sambamba na ukingo wa mkondo, pale maji yanayokimbia yanapopakana na yaliyotulia. Samaki hawapendi kushindana na maji bila sababu. Husimama kwenye utulivu, nyuma ya rasi, mwamba au mti uliozama, wakatoa kichwa kuchukua kinachopita. Mtera lina miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama majini, na kila mmoja, mkondo ukiwepo, una mbele na nyuma yake. Mvuvi wa ndoano atupe chambo mbele ya mti, upande mkondo unakotoka, kwa chubwi jepesi linalotosha tu kukifikisha chini, kisha akiache kiteremke chenyewe hadi nyuma. Chubwi zito linalokipigilia mahali pamoja humnyima faida yote ya mkondo.

Wasomaji walioko Marekani watakuta jina lile lile la bwawa la umeme likiwa na maana nyingine. Karibu na San Antonio, Texas, maziwa ya Braunig na Calaveras yalitengenezwa kupoza mitambo ya umeme wa joto. Maji huingia kituoni, hupashwa moto, hurudishwa ziwani kwa mfereji, kisha huzunguka polepole hadi kwenye mlango wa kuingilia tena. Mkondo huo ni duara, na majira ya baridi samaki hukusanyika kwenye tawi lake lenye joto. Wamo perege pia, ukoo wenye asili ya Afrika, ambao huanza kufa maji yakishuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Sheria ya Texas inamtaka anayemvua na kumchukua amtumbue au amkate kichwa papo hapo. Kituo kikizima, joto nalo huondoka: mitambo ya Big Brown kando ya ziwa Fairfield, Texas hiyo hiyo, ilifungwa mwaka 2018.

Tukirudi nyumbani, kuna sehemu mbili ambazo mkondo wake si wa kuvuliwa hata kidogo. Ya kwanza ni eneo lililo mbele ya mdomo wa mitambo na mlango wa kumwagia maji, ambalo kwa kawaida hutengwa kwa msururu wa maboya au mabango. Uso wake hudanganya kwa sababu ile ile iliyokwisha kuelezwa: mvuto uko chini. Wavu ukinyonywa pale, mwenye kuushikilia hufuata. Ya pili ni chini ya ukuta, kwenye mawe ya mto. Samaki hujaa hapo, wengine wamezuiwa kupanda, wengine wamepita kwenye mitambo wakiwa wamezimia. Mtambo ukifunguliwa, jiwe kavu huweza kuzungukwa na maji kabla mtu hajakunja mshipi. King'ora kikilia hakuna cha kumalizia. Kwenye bwawa lenyewe, jaketi la kuokolea na kasia la akiba ni vya lazima, na kwa Masinga na Kamburu, ambako kuna mamba na viboko, busara ni kutega kabla ya magharibi na kutegua kukipambazuka, mkondo wa jioni ufanye kazi yake bila mtu kukaa gizani ukingoni.

Mwisho, mabwawa yakifurika. Aprili na Mei 2024 mabwawa ya Tana yalijaa yakamwaga, na watu wa Garissa hadi kwenye delta wakapata mafuriko. Wiki kama hizo kanuni za mitambo na upepo huwekwa kando, kwa sababu mto umechukua bwawa lote na katikati yake ni mkondo mmoja mrefu kutoka kichwani hadi ukutani. Samaki wasiosombwa huwa wamejibanza mbali na njia hiyo, kwenye vichwa vya mahori yasiyopokea kijito, ndani ya nyasi zilizozama, mara nyingi kwenye maji yasiyozidi kiuno. Mtumbwi unaopita huko kandokando ya ufukwe hauna haja ya kukata katikati ya bwawa, na wavu mfupi wa kina kidogo unatosha.